Malengo Kumi na Moja ya Kidevu Juu

Kuna watu waliopewa miguu wakaamua kazi yake ni kukunja nne. Mmoja wao ni huyu mpiga picha ninayetaka kuwasimulia habari zake, na anayeona namwonea asubiri nimalize.

Jina alilopewa na wazazi wake limeshapotea. Hata mkewe akiulizwa kule zahanati anakofua mashuka, huanza kwa kukohoa. Watu wote wanamwita Kidevu Juu, kwa sababu ndilo neno alilokuwa akiwaambia wateja tangu aanze kazi: "Kidevu juu kidogo. Kidogo tena. Hapohapo, usipumue." Na chake mwenyewe kimekaa juu wakati wote, kama mtu anayezuia damu ya puani. Ukimsalimia, anakujibu kupitia matundu ya pua.

Chumba chake cha picha kiko kandokando ya barabara. Kina mlango wa kijani na dirisha moja kubwa lenye mwanga mzuri, ambalo yeye aliliziba kwa pazia jeusi apate sababu ya kuwasha taa. Ndani kuna turubai lililochorwa ndege upande mmoja na maporomoko ya maji upande wa pili. Ngazi ya ndege hiyo haifiki mlangoni, kwa hiyo abiria wake sharti wajue kuruka. Kuna kigoda cha miguu mitatu, mguu wa nne ni nusu tofali. Kuna kioo kilichopasuka katikati kinachompa kila mtu pua mbili, na kitana kilichofungwa kwa kamba ukutani kisiibwe, kimejaa nywele za watu ambao wengine siku hizi wana upara.

Na kulikuwa na koti. Hili koti msilichukulie kijuujuu. Lilikuwa jeusi, la kuvalishwa wateja wa picha za paspoti, na lilikuwa limepasuliwa mgongoni kutoka kola mpaka chini ili liwaenee wote, mnene na mwembamba. Mteja anapenyeza mikono kwa mbele, kisha Kidevu Juu anambana kwa nyuma na vibanio vinne vya kuanikia nguo. Mbele bwana mkubwa, nyuma kamba ya nguo. Wanaume wote wa pale wamo kwenye vitambulisho na koti hilohilo, lenye kifungo cha pili cha kahawia na vingine vyeusi. Kuna siku watu ishirini walisafiri pamoja, wakafika mpakani, mlinzi akapanga karatasi zao mezani, akazitazama, akamwuliza wa kwanza mama yao aliwezaje kuwazaa wote.

Sasa sikieni huyu bwana alivyokuwa akipanga maisha yake. Watu wengine mwaka ukiisha hukaa kitako wakajiuliza wamefanya nini na watafanya nini. Wengine huandika kwenye karatasi, karatasi ikapotea, mambo yakaisha kwa amani. Kidevu Juu alijipiga picha. Kila siku ya mwisho ya mwaka alifunga mlango, akavaa koti, akahangaika na vibanio maana mikono haifiki, akatega kamera ijipige yenyewe, akakimbilia kigoda na kukaa kama mtu ambaye lengo lake limeshatimia. Akitaka gari, anajipiga picha ya mtu mwenye gari. Akitaka nyumba, anajipiga picha ya mwenye nyumba. Kisha anaichapa kubwa, anaitia fremu, anaitundika, na kuanzia hapo anapumzika. Kwake yeye kazi imekwisha. Kilichobaki ni hilo gari kujileta lenyewe na kupiga honi.

Ukutani zilikuwapo picha kumi na moja. Miaka kumi na moja, na hakuna hata moja iliyowahi kushuka kwenye msumari ikaingia barabarani.

Ya kumi na moja ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Amekaa, simu sikio hili, simu sikio lile, na moja kati ya hizo ni rimoti ya runinga. Nyuma yake amebandika karatasi iliyoandikwa "Ofisi Kuu". Lengo lilikuwa biashara ipanuke, awe na wafanyakazi chini yake. Akaitundika, akakunja nne, mwaka ukaanza.

Na mwaka huo ukamshika shati.

Kwanza ofisi ya vitambulisho ilinunua kamera yake yenyewe. Foleni iliyokuwa ikianzia mlangoni kwa Kidevu Juu ikahama siku moja tu, kama siafu waliomwagiwa majivu. Badala ya kutafuta kazi nyingine, alikwenda kusimama nje ya ofisi hiyo akiwaambia watu kwamba kamera ya mle inamfanya kila mtu aonekane anatafutwa na polisi. Hapo hakudanganya. Lakini picha za mle zilikuwa bure.

Baadaye printa yake ikaugua. Ikawa inamtoa kila mtu wa kijani. Kuna bwana harusi alitoka rangi ya mchicha, mama yake akaanza kulia akidhani wanamficha ugonjwa. Mwingine alisafiri na picha ya namna hiyo, akazuiliwa njiani kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa wa kijani vya kutosha. Kidevu Juu aliambiwa aite fundi. Akasema hiyo ni sanaa, watu hawajaielewa tu.

Halafu koti likaondoka. Katikati ya mwaka aliingia kijana mmoja mwembamba, mwenye haraka, anataka picha ya kuombea kazi. Akavishwa, akabanwa, akapigwa. Akasema, "Fundi, kioo chako kinanipa pua mbili, ngoja nikajitazame kwenye mwanga nje." Akatoka, na koti, na vibanio vyote vinne. Kidevu Juu alimsubiri mpaka adhuhuri akiwa amekaa, maana kumfuata mtu barabarani si hadhi yake.

Tangu siku hiyo kila balaa lilikuwa na mwenyewe. Mvua ilivuja ikambandua ndege ubawa, akasema ni yule mwizi wa koti. Alipanda juu ya kigoda kunyoosha picha ya kumi na moja iliyokuwa imekaa upande, nusu tofali likateleza, akavunjika mkono, akasema ni yule mwizi wa koti. Miezi miwili alikaa na plasta, mkewe akamlisha kwa kufua mashuka ya wagonjwa, na kitambi chake, kilichokuwa kikiingia chumbani kabla yake, kikayeyuka kama barafu juani.

Chumba hakikuwa chake. Kilikuwa cha dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada huyu ni fundi bomba, mfupi, mpana, na kwenye mkoba wake badala ya poda anabeba spana. Vyumba vile vitatu vya barabarani alivijenga kwa mikono yake, akampa mdogo wake kimoja akae bure mpaka asimame. Miaka kumi na moja mdogo wake alikuwa bado hajasimama, labda mteja akitaka kigoda.

Siku tano kabla ya mwaka kwisha, dada aliingia bila kupiga hodi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wateja wako wapi?"

"Watu wamesafiri, dada."

"Na mwezi uliopita?"

"Mvua."

"Na kabla ya mvua?"

"Mkono."

"Na kabla ya mkono?"

"Koti."

Dada aliitazama ile safu ya picha, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, taratibu, kama anayekagua mabomba yanayovuja.

"Kuna msusi anataka chumba," alisema. "Anasuka watu nje ya ukuta wa mtu, jua likiwapiga utosini, na bado wanapanga foleni. Jumatatu ya kwanza ya mwaka nakuja naye hapa asubuhi. Wewe nionyeshe lengo moja kati ya haya uliyotundika, moja tu, lililotimia. Ukinionyesha, chumba hiki ni chako na sitakuuliza tena mpaka nife. Usiponionyesha, beba kigoda chako na ndege yako."

"Moja tu?" Kidevu Juu alicheka kwa puani. "Dada, nitakupa uchague."

Dada alipotoka, kicheko kilimkauka. Kwa mara ya kwanza alikitazama kile chumba kama kitu kinachoweza kuondoka. Bila chumba atakuwa nani? Atakuwa mmoja wa wale wenye kamera shingoni wanaowakimbilia maharusi na kufukuzwa na wajomba. Akasimama mbele ya ukuta wake, akaanza kutafuta.

Hakupata siku hiyo, hakupata kesho yake. Siku ya tatu mkewe alikuwa na mapumziko, akamfuata kule na chakula, akamkuta amesimama katikati ya chumba kama nguzo ya umeme.

"Nisaidie, mke wangu. Tafuta lililotimia."

Mkewe aliweka bakuli chini, akafunga khanga vizuri kiunoni. Raha kama hiyo haiji kila siku.

"Tuanze na hili gari." Alinyoosha kidole kwenye picha ya kwanza. Kidevu Juu alikuwa ameshika usukani hewani kwa mikono miwili kama anayepeleka sinia kwa wageni. "Huu usukani uliuazima kwa fundi magari. Anaudai mpaka leo. Lile gari lake limekaa miaka kumi na moja, kuku wametagia ndani. Kwa hiyo hukupata gari, na mwenzio ukamnyima lake."

"Ruka hilo."

"Hii nyumba." Kwenye picha amekanyaga tofali, ameonyesha mbali kwa kidole, kama anayewaambia mafundi waanzie kule. "Tofali lenyewe ulilitoa kwenye fungu la jirani, likakatika njiani. Hilo hapo, limeshika kigoda."

"Si mwanzo?"

"Ndiyo, mwanzo. Kwa mwendo huu nyumba itakuwa tayari wajukuu wa wajukuu zetu wakishakuwa wazee."

Wakafika kwenye picha ya safari, yeye mbele ya ndege na sanduku mkononi. Mkewe hapo aliacha kucheka kidogo. "Sanduku langu hili. Ulilifungua zipu kwa koleo ujifanye umetoka nalo mbali. Nikienda msibani sasa nabeba nguo kwenye mfuko wa sukari."

"Nitakununulia."

"Utanipiga picha nimelishika, utasema umeshanunua."

Picha ya amani ya nyumbani ilikuwa na vigoda viwili, kimoja cha kuazima. Mwaka ule alitaka amani, akamwita mkewe waje wapigwe wakitabasamu. Mkewe alikuwa zamu, akakataa. Kidevu Juu akachukua kitambaa cha kichwa cha mkewe, akakivalisha ndoo, akaiweka kwenye kigoda cha pili, akaikumbatia. Hiyo picha ilitundikwa mwaka mzima, wateja wakiuliza shemeji alizaliwa wapi.

"Hii labda imetimia," mkewe alisema. "Wewe na ndoo hamjawahi kugombana. Basi na maji uwe unamchotea."

Kidevu Juu hakucheka. Alikuwa ameganda mbele ya picha ya sita. Humo amevaa koti, tumbo amelifunga kwa shuka la zahanati mikunjo saba, uso umevimba kwa kukosa pumzi. Mwanga wa kamera ulipowaka tu, alizirai. Picha ilimnasa sekunde moja kabla hajaanguka. Lengo la mwaka ule lilikuwa kuondoa kitambi.

Alilishika tumbo lake. Alipapasa kushoto, akapapasa kulia. Hakukuwa na kitu.

"Mke wangu," alisema polepole, kidevu kikipanda. "Limetimia."

Mkewe alimtazama, akatazama picha, akabeba bakuli lake. "Mwambie hivyohivyo dada yako," alisema. "Mimi Jumatatu nitaomba ruhusa kazini nije nisikie."

Ile siku ya mwisho ya mwaka, siku yake ya kujipiga picha, hakujipiga. Koti halikuwepo, na kwa kweli hakuhitaji lengo jipya. Alikuwa na la zamani lililotimia. Alikata kadibodi, akaandika "LIMETIMIA" kwa herufi kubwa, akaibandika chini ya picha ya sita, akakunja nne.

Jumatatu asubuhi walikuja. Dada mbele na mkoba wake wa spana, nyuma yake msusi, mwanamke mrefu mwenye kitana kimesimama nywelani, ambaye alikwenda moja kwa moja dirishani, akafungua lile pazia jeusi. Mwanga ukaingia. Vumbi la miaka kumi na moja likaonekana likitembea. Mkewe Kidevu Juu alikaa kwenye kigoda, tayari.

"Haya," dada alisema.

Kidevu Juu akakohoa. Akafungua vifungo vya shati vitatu, akasimama ubavu karibu na picha ya sita, mkono mmoja kiunoni. "Dada, tazama pale. Sasa tazama hapa. Miaka sita nimepambana."

Dada alitazama pale, akatazama hapa.

"Hicho hukukiondoa wewe. Kimeondolewa na njaa."

"Lengo halikusema kiondolewe na nani!"

"Miezi miwili mkeo kakupimia chakula kwa kijiko, leo unamnyang'anya hata hiyo sifa?"

"Dada, ulisema moja lililotimia..."

"Nilisema lengo. Kuugua si lengo. Kwa hesabu yako, aliyegongwa na baiskeli ametimiza lengo la kulala barabarani."

Mkewe alipiga goti kwa kiganja. Msusi aligeuza uso ukutani, mabega yakimcheza. Kidevu Juu alianza kufunga vifungo, akavikosea, kimoja kikabaki juu bila tundu. Na hapo ndipo alipojua kwamba chumba kimekwenda. Alikiendea kitana cha ukutani akifungue kamba, maana alitaka kuondoka na kila kilicho chake, hata zile nywele.

Mlangoni pakapigwa hodi.

Alikuwa yule kijana mwembamba, ila sasa amejaza mashavu, amevaa shati lililonyooshwa, na mkononi amekunja koti jeusi lenye kifungo cha pili cha kahawia.

"Mwizi!" Kidevu Juu alipiga kelele. "Dada, huyu hapa! Huyu ndiye mwaka wangu!"

"Shikamooni," kijana alisema kwa kina mama, kisha akamgeukia. "Fundi, nisamehe. Nimekuja kulirudisha. Siku ile nilipotoka nje nikaona saa, usaili umebaki nusu saa na mimi sina koti jingine. Nikasema nakwenda narudi."

"Ulikwenda hivyohivyo?" dada aliuliza. "Na mgongo wazi?"

"Hivyohivyo, mama. Niliingia kwa watu watatu wamekaa mezani, nikahakikisha wananiona mbele tu. Wakaniuliza, nikajibu. Kalamu ikaanguka, sikuinama, nikavua kiatu nikaiokota kwa vidole vya mguu. Kibanio kimoja kikafyatuka kikagonga kabati, wakatazamana, nikawaambia hapa mna panya wakubwa. Walipomaliza nikaondoka kinyumenyume, nimeinamisha kichwa, mpaka mlangoni. Kumbe mkubwa wao ni mtu wa adabu za zamani. Akawaambia wenzake, mmeona kijana huyu? Hawapi wakubwa mgongo! Nikaandikwa kazi palepale. Sasa ni mtunza ghala."

"Mama yangu we," alisema mkewe Kidevu Juu.

"Shida ilikuja baadaye. Ikabidi kila nikitoka kwa mkubwa nitoke hivyohivyo. Wenzangu wakadhani ndiyo siri ya kupandishwa cheo, wakaniiga. Leo ofisi nzima inatoka kinyumenyume. Juzi mhasibu kaangukia ngazini."

Dada alicheka mpaka spana ikalia mkobani. Alicheka akashika ukuta, na picha ya usukani ikakaa upande. Kidevu Juu peke yake hakucheka. Alikuwa amelinyakua koti, analigeuza, na uso wake ukabadilika.

"Hiki ni nini?"

"Nimelitia mgongo, fundi. Nilimpelekea fundi cherehani. Kitambaa cheusi hakikupatikana, akatia cha buluu, lakini ni kizuri."

"Umelitia mgongo?" Sauti ilimpanda Kidevu Juu kupita kidevu. "Nani alikutuma utie mgongo? Koti hili lilikuwa linaenea watu wote! Umeniharibia koti! Unaniletea koti zima!"

Msusi aliacha kitana chake nusu nywelani. Hata kijana alimtazama kama mtu anayemwona ng'ombe akikataa majani.

Dada alipangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa. "Ulikaa kwenye hiki kigoda muda gani, mwanangu?" alimwuliza kijana.

"Dakika tano, mama."

Dada alimtazama mdogo wake tu, na mdogo wake akaanza kuchunguza vibanio.

"Na kitu kingine, fundi," kijana aliendelea, maana hakujua kwamba anaingilia msiba. "Ghalani tuko kumi na wanane, wote tunatakiwa picha za kazi wiki hii. Mkubwa anataka mpiga picha aje kulekule."

"Mimi siendi kwa watu," Kidevu Juu alijibu, kidevu kikirudi mahali pake kwa mazoea. "Watu huja kwangu."

"Atakuja," alisema dada.

"Dada..."

"Kesho saa mbili yuko mlangoni kwenu na kamera. Akichelewa nitamleta mwenyewe, na nitamleta kinyumenyume." Kisha alianza kupima chumba kwa hatua, kisigino kwa kidole, kutoka dirishani mpaka kwenye turubai. Alipofika katikati, akachora mstari sakafuni kwa spana. "Msusi anachukua upande huu wa dirisha. Wewe unabaki nyuma na ndege yako. Na kodi yako ni kufagia, nywele zote, kila siku."

"Kumbe hunifukuzi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja kikombe.

"Usijione unahurumiwa. Nikikutoa hapa utahamia sebuleni kwangu na picha kumi na moja. Nimefikiria kuta zangu tu."

Msusi, ambaye mpaka hapo hakuwa ametoa sauti, alisema, "Mimi sakafu chafu siipendi, shemeji," akaanza kufungua mfuko wake.

Dada alimtazama mdogo wake kutoka juu mpaka chini. "Mwaka huu hukujipiga?"

"Koti halikuwepo."

"Sasa lipo. Vaa."

Alivaa. Na kwa kuwa kitambi kilikuwa kimekwenda, koti lile lilimkaa kama lilishonwa kwa ajili yake, mgongo wa buluu na vyote. Aliona wanavyomtazama, akavimba. Akaelekea kigodani, akamwinua mkewe kwa ishara, akakaa, akakunja nne. "Naomba ile rimoti," alisema. "Au tafuteni kitu cha maana nishike. Mwaka huu nafikiria..."

Dada alikuwa ameshachukua kamera. Mkono wake wa pili ulimpelekea kile alichokikuta nyuma ya mlango. Lilikuwa fagio.

"Dada, hili ni lengo gani?"

"La leo. Nani kakwambia ukae? Fagia."

"Nijifanye nafagia?"

"Ukijifanya nitajua."

Akafagia. Mwanzoni alifagia kwa madaha akitazama kamera, fagio likipita juu ya sakafu kama linamwogopa mtu. Dada alisimama, hakubonyeza. Mkewe akaonyesha kona. Msusi akaonyesha nyingine. Hapo Kidevu Juu akainama kweli, akawa anatafuta uchafu kwa macho, akavuta kutoka chini ya turubai vibanio vya zamani, ufunguo uliopotea mwaka wa picha ya nyumba, na nzi waliokufa tangu enzi za marais wawili waliopita. Hapo dada akabonyeza.

Printa iliitoa ya kijani, kama kawaida yake. Lakini humo ndani, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kidevu kilikuwa chini. Na kabla printa haijamaliza kuitema, sakafu ilikuwa safi. Mkewe aliipigia msumari mwenyewe, juu ya zote kumi na moja.

Kesho yake alikwenda ghalani kweli, saa mbili na nusu, akalalamika njia nzima. Aliwapiga wote kumi na wanane kwa koti lile lenye mgongo. Wanene halikuwaenea, akawavika wakiwa wameshika pumzi. Alipokuwa akiondoka, watu wale walimsindikiza kwa heshima, na yeye, asiyejua desturi za mle, akatoka akiwapa mgongo wa buluu, wakakasirika kidogo lakini wakalipa.

Msidhani alibadilika. Mimi sisimulii miujiza. Kufikia Ijumaa chumba kilikuwa kimejaa wanawake, wengine kwenye benchi, wengine kwenye sakafu, msusi akisuka mmoja huku akigombana na wawili. Kidevu Juu alikuwa amekaa upande wake wa mstari, amekunja nne, kidevu kimesharudi angani. Mteja mmoja mgeni alimwuliza wanahusianaje na yule mama.

Kidevu Juu alinyoosha kidole kwenye picha ya kumi na moja, ile ya Ofisi Kuu. Chini yake ile kadibodi ya "LIMETIMIA" ilikuwa imehamia hapo.

"Nimepanua biashara," alisema. "Yule ni mfanyakazi wangu."

"Shemeji," msusi alimwita bila kugeuka. "Inua miguu, kuna nywele chini yako."

Akainua.